Bursi ya binti inaanzia darasa la nane



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, swali lile lile linarudi hapa Vuhovi, Kyondo na Isale, hata kule machimboni Manguredjipa: "Mutoto wetu mwanamuke amepata diploma, sasa tutatafuta bursi wapi?" Swali ni zuri. Mzazi anayeuliza hivyo ameishatoka mbali, maana wako wengine ambao hata diploma hawakungoja, walihesabu mbuzi za mahari tu. Lakini ukimwuliza binti alisoma opsio gani, mara nyingi anajibu: "Kushona." Au: "Pedagoji." Sizarau opsio hizo. Nguo za Komunyo ya kwanza zinashonwa na nani? Watoto wetu wanafundishwa na nani? Lakini zile bursi za wasichana wa sayansi na uinjenieri, ambazo tunasikia redioni, haziwezi tena kumfikia binti huyu. Mlango ulifungwa miaka mine nyuma, na nyumbani hakuna aliyejua.

Wacha nieleze kidogo, kwani sisi tuliosoma zamani tunachanganya mambo. Mtoto anamaliza miaka sita ya shule ya msingi. Kisha anaingia darasa la saba na la nane, ambayo zamani tulikuwa tunaita orientasio. Mwisho wa darasa la nane anafanya jaribio la taifa linaloitwa TENASOSP, na hapo ndipo anaelekezwa katika opsio: Sayansi, Pedagoji, Komershali, Kushona, Umeme, Ujenzi, na zingine. Anasoma opsio ile miaka mine ya humanite, na Mtihani wa Serikali unamhukumu katika opsio ile. Aliyesoma Kushona miaka mine, akitaka kuwa injenieri wa umeme, atakuta wenzake wameishapita milima miwili.

Siku ile ya kuchagua, mtoto ana miaka kumi na mine hivi. Kwa kweli si yeye anachagua. Anachagua papa, au mjomba anayelipa. Pengine inachagua njia: shule yenye Sayansi iko ngambo ya mlima, ile ya Kushona iko hapa karibu na parokia. Kaka anapewa baiskeli, anaenda mbali. Dada anabaki karibu, "juu asaidie mama." Na walimu wa fizika ni wachache, labo ni ubao mweusi na chaki, kwa hiyo prefe mwenyewe pengine anawashauri wasichana waende pahali ambapo hawatashindwa. Wote hao wanamtakia mema. Na wote pamoja wanamwondoa njiani.

Ukiuliza sababu, utasikia: "Hesabu iko kintu ya wanaume." Hapo naomba tukae kidogo.

Twendeni machimboni. Ni nani anaosha mchanga mtoni? Ni mama, na mtoto mgongoni. Anatia mchanga na maji katika karai, anazungusha, anainamisha, anamwaga juu, anazungusha tena. Mwishowe kunabaki kidogo tu chini, chenye kung'aa. Kwa nini zahabu inabaki na mchanga unaenda? Kwa sababu ya uzito. Chukua kipande cha zahabu chenye ukubwa wa sentimeta moja kila upande: kitapima gramu 19 na zaidi. Kipande cha jiwe jeupe la mchanga, chenye ukubwa ule ule, hakifiki gramu 3. Maji yanabeba chepesi na kuacha kizito. Hiyo ni fizika, ukurasa wa kwanza kabisa. Mama yule anaijua kwa mikono yake kuliko mwanafunzi ambaye ameikariri kwa kitabu. Kule Kamituga, Kivu ya Kusini, wanawake wanaotwanga mawe ya zahabu wamepewa hata jina la kazi yao, mama twangeze. Wanajua jiwe gani lina kitu na jiwe gani ni bure. Basi nani alisema mwanamuke hana kichwa cha mambo haya? Hata mila inayokataza mwanamuke kuingia shimoni, eti zahabu itakimbia, haimkatazi kubeba mawe yale mgongoni wala kuyatwanga jua lote. Inamkataza tu pale penye feza.

Mama yule yule anakosa jambo moja, na kulikosa kunaweza kumwua. Zebaki, ile kreseri wanaita merkire, inashika zahabu, halafu wanaichoma ili zahabu ibaki peke yake. Pengine inachomwa jikoni, juu ya mbabula ile ile ya kupikia ugali. Moshi wake hauna harufu kali, mtu hashtuki. Lakini unaingia katika mapafu na mishipa ya fahamu. Mikono inaanza kutetemeka, na mtoto aliye tumboni anaweza kuumia kabla hajazaliwa. Mataifa walipatana juu ya sumu hii mwaka 2013, katika Mapatano ya Minamata, yaliyopewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi waliharibika kwa samaki wenye zebaki. Mapatano yale yako kwa karatasi. Nani atakuja kumweleza mama huyu kwa Kinande, na kumwonyesha namna nyingine ya kufanya? Ningependa awe binti yake mwenyewe, mwenye lisansi ya kemia.

Na tukumbuke Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 na ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2.200 walikufa. Katwa na Butembo ziliumia sana, na zone yetu ya afya ya Vuhovi ilikuwa pia katika orodha. Kila nyumba inakumbuka namna magari yalivyopanda huku na watu wasiojulikana, wamevaa mavazi meupe, wakisema Kifaransa na Lingala. Watu walikimbia. Wengine walitupa mawe, tena wako wauguzi na waganga waliouawa, jambo la kuhuzunisha sana mbele ya Mungu. Sisemi kwamba wasichana kumi wenye kujua kazi ya labo wangalizuia ugonjwa. Lakini binti wa jirani, ambaye mama yake anaimba katika kwaya moja nasi, akituambia "hii damu nimeipima mimi, nimeona kwa macho yangu," nani angalimwita mwongo? Kwa chanjo na kwa labo walihitajika watu wetu, na watu wetu waliosomea kazi hizo walikuwa wachache mno.

Juu ya umeme sitasema mengi. Maji ya milima yetu yanashuka mchana na usiku. Kituo cha Mutwanga kilianza kuwasha mwaka 2013 na cha Matebe, kule Rutshuru, mwaka 2015, na watu waliona kwamba mto unaweza kusaga unga na kuwasha taa ya mwanafunzi. Mito mingine inangoja mainjenieri.

Wasichana, pengine mnauliza: wako wanawake waliofika? Wako. Kule Kinshasa mwaka 2013 watu walishangaa kuona mtu wa aluminiamu amesimama katikati ya njia panda, akigeuka na kuinua mikono kuongoza magari, akila nguvu za jua. Roboti ile ilitungwa na injenieri mwanamuke, Mama Thérèse Izay Kirongozi, pamoja na kikundi chake cha wanawake wenye ufundi. Raïssa Malu, mwalimu wa fizika, alianzisha mwaka 2014 Wiki ya Sayansi na Teknolojia kule Kinshasa, ili watoto waguse sayansi kwa mikono. Mwaka 2024 akatajwa waziri wa elimu ya nchi nzima.

Na ngambo ya mashariki, Kenya, Wangari Maathai. Huyu nampenda kwa sababu njia yake ilipita kwa masista. Alikuwa mtoto wa shamba toka Nyeri, akasoma kwa masista wa misioni ya Mathari, kisha Loreto Limuru. Mwaka 1960 akapata bursi katika ile safari ya ndege iliyopeleka vijana wa Kenya wapata mia tatu kusoma Marekani. Akasoma biolojia katika chuo cha masista Wabenedikto huko Kansas, akamaliza 1964, halafu mwaka 1971 akawa mwanamuke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki na ya Kati kupata udaktari wa chuo kikuu. Nobeli ya Amani ilimfikia mwaka 2004. Watu wanakumbuka miti aliyopanda. Mimi nakumbuka kwamba kabla ya ndege ile kulikuwa na mzazi na masista waliokubali msichana aache jembe, ashike kitabu cha biolojia.

Sasa bursi zenyewe. Ziko, wala si hadisi. Fondasio ya Schlumberger ilianza mwaka 2004 programu ya wanawake wa nchi zetu wanaotaka kufanya udaktari katika sayansi na uinjenieri, ili warudi kufundisha kwao. Shirika la wanawake wa sayansi wa nchi zinazoendelea, OWSD, lenye makao Trieste, Italia, lilianza mwaka 1998 kulipia wanawake udaktari katika nchi nyingine ya Kusini, na Kongo ilikuwa katika orodha ya nchi zake. L'Oréal na UNESCO waliungana mwaka 1998 kwa ajili ya wanawake wa sayansi, na tangu 2010 wana zawadi kwa vijana wa Afrika. Hapa kwetu Kongo kuna BEBUC, iliyoanzishwa na profesa wa kemia Gerhard Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, pamoja na mwenzake Virima Mudogo wa Chuo Kikuu cha Kinshasa. Inachukua wanafunzi wenye akili sana, wavulana na wasichana, na nia yake ni kupata maprofesa wa kesho. Fondasio ya Denise Nyakeru Tshisekedi ilianzisha Excellentia kwa wale waliofaulu vizuri sana Mtihani wa Serikali. Milango inafunguka na kufungwa kila mwaka, basi ulizeni kabla ya kutuma karatasi.

Lakini angalieni jambo moja. Schlumberger na OWSD wanangoja mtu mwenye masteri. Tuhesabu basi, maana makala hii inahusu hesabu. Binti wa darasa la nane ana miaka mine ya humanite mbele yake. Kwa mpango mpya wa vyuo vikuu vya Kongo ana miaka mitatu ya lisansi na miwili ya masteri. Mine na mitatu na miwili ni tisa. Miaka tisa nzima kati ya benchi la Vuhovi na mlango wa bursi zile kubwa. BEBUC na Excellentia zinashika wachache katikati. Hao wengine, nani anawabeba miaka tisa?

Jirani zetu wa Uganda walijifunza jambo hili mbele yetu. Wafanyabiashara wetu wanaopitia Kasindi kwenda Kampala wanakijua Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1990 Makerere walianza kuwaongezea wasichana pointi moja na nusu ili waingie kwa wingi. Wakaingia. Lakini ni wasichana gani? Wengi walikuwa wa shule nzuri za mjini, na wengi walienda masomo yasiyo ya sayansi. Mtoto wa mkulima, hata akipewa pointi, alikosa feza ya chuo. Ndiyo sababu tangu 2001, kwa msaada wa Carnegie ya New York, wakaweka bursi ya wasichana wenye akili na wasio na uwezo, na sehemu kubwa ikatengwa kwa sayansi. Dar es Salaam walikwenda kwa njia nyingine: tangu 2004 wasichana waliokaribia kufika pointi za uinjenieri walikuwa wanaitwa kwa majuma kadhaa, wanafundishwa tena hesabu na fizika, kisha wanaingia darasani pamoja na wengine. Naipenda sana njia ile ya Dar es Salaam. Haihitaji mzungu. Inahitaji darasa, mwalimu wa hesabu, na sahani ya maharagwe.

Hilo parokia inaliweza. Likizo kubwa ya Julai na Agosti, madarasa ya shule zetu ni matupu. Wanafunzi wetu wa chuo kikuu wamerudi toka Butembo, wanazunguka na simu mkononi. Kwa nini wasiwafundishe wasichana wa darasa la nane hesabu, saa mbili kila asubuhi? Vijana wa Kiro na wa Xaveri wanajua kupanga mambo kuliko sisi wazee. Tena msichana akiona dada wa Isale anayesoma kilimo au tiba akiandika ubaoni, atapata jibu la maswali ambayo papa hawezi kujibu.

Na feza? Hapa wengi watanikasirikia. Wazazi wa Kongo tunajua kuchanga. Toka miaka ya 1992 na 1993, Serikali ilipoacha kulipa walimu, ni mzazi aliyebeba shule kwa mgongo wake. Ahadi ya shule ya bure iliyotolewa Septemba 2019 ilihusu shule ya msingi. Sekondari ilibaki juu yetu. Hayati Mgr Kataliko alipoanzisha mwaka 1989 chuo kikuu kule Butembo, ambacho leo tunaita UCG, hakungojea Kinshasa. Wakristu na wafanyabiashara walichanga, na leo daktari anayetupima pengine ni mtoto wa chuo kile. Basi tusiseme hatujui namna. Mama zetu wana likirimba, wana vikundi vya AVEC ambamo wanaweka na kukopeshana kila juma. Shirika moja lenye nyumba ishirini, likikubali kubeba msichana mmoja tu katika opsio ya Sayansi, kila nyumba itatoa kiasi gani kwa mwezi? Andikeni kwa karatasi, mgawanye. Halafu mlinganishe na kile kinachoishia kwa kasiksi siku ya soko.

Ninyi wa machimboni, kwenu nasema zaidi. Sheria ya Madini iliyobadilishwa Machi 2018 inasema kwamba kampuni yenye kibali cha kuchimba itoe angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na katika ada ya madini, asilimia 15 iende kwa sheferi, sekta au komini ambako madini yanatoka. Waulizeni wakubwa wenu: feza zile ziliingia? Zililipia nini? Bursi za watoto zinaweza kuandikwa pale. Najua jibu la wengi: zahabu ya wachimbaji wadogo inavuka mpaka kwa magendo, haina ada wala asilimia. Ni kweli. Lakini kreseri anapopata, feza iko mkononi mwake usiku ule. Wapapa wa machimbo, wangapi wamenunua simu tatu na hawajalipa muhula mmoja wa binti yao?

Iko pia bursi ya nyumbani, kati ya ndugu na ndugu. Zamani kule Polonya kulikuwa dada wawili, Bronia na Maria, watoto wa mwalimu. Chuo kikuu cha mji wao hakikupokea wanawake. Wakapatana: Maria afanye kazi ya kulea na kufundisha watoto wa matajiri, amtumie yaya wake feza asome udaktari Paris, akimaliza, yaya naye amsaidie. Maria alitumika miaka mingi. Mwaka 1891 zamu yake ikafika. Mwaka 1893 akamaliza fizika akiwa wa kwanza darasani, na hapo ndipo bursi ya rubli 600 ikamkuta, akaendelea na hesabu. Alipopata feza za kazi yake ya kwanza aliirudisha bursi ile, ingawa hakuna aliyemdai, ili msichana mwingine aipate. Ndiye Marie Curie, aliyevumbua radiamu, akapata Nobeli mara mbili, 1903 na 1911. Na tujue jambo hili: kuanzia 1922 sehemu kubwa ya radiamu ya ulimwengu ilitoka katika mawe ya Shinkolobwe, Katanga. Mawe yalikuwa yetu. Wakati ule, katika Kongo yote, msichana alifundishwa katekisimo, kushona na kufua.

Kuna hatari mbili ambazo siwezi kuzinyamazia. Ya kwanza ni wezi. Kwa simu zinapita habari kila juma: "Bursi kwa wasichana wa Kongo, tuma dola hamsini za dosie." Binti anakopa, anatuma, namba inakufa. Wale wakubwa niliowataja hawatozi mwombaji feza ili wasome dosie yake. Ukiombwa feza kwa namba ya simu ya mtu, simama hapo hapo. Ya pili ni mbaya zaidi, na wasichana wanaijua kuliko wazazi: mwalimu anayeuza pointi kwa mwili. Binti anayekataa anaangushwa katika fizika, halafu nyumbani wanamwambia, "unaona, hesabu haiko yako." Papa, kabla ya kumwondoa binti katika opsio yake kwa sababu ya pointi, kaa naye, umwulize taratibu. Akisema, umwamini. Nenda naye kwa prefe, kwa sista, kwa padri. Usimwache aende peke yake.

Nimalize na mambo ya karatasi, kwani wengi waliniuliza juu ya hiyo. Bursi yoyote itadai matokeo ya shule, mara nyingi ya miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, diploma au atestasio ya Mtihani wa Serikali, na barua ya mtu anayekujua. Zile za ng'ambo zitadai pasipoti, na nyingi zinadai Kiingereza. Anayeanza Kiingereza darasa la tisa ana wakati, anayeanza baada ya diploma amechelewa. Cheti cha kuzaliwa kiombwe mtoto akiwa bado mdogo, maana kukitafuta akiwa na miaka ishirini ni safari ya ofisi nne. Na kwa sababu ya vita, familia nyingi za Beni na za Bapere zilikimbia na kuacha kila kitu, nyumba zikaungua na buletini ndani. Basi kila mwisho wa mwaka piga picha ya buletini kwa simu, tengeneza nakala mbili. Moja ikae nyumbani katika plastiki, ya pili iachwe pahali pengine kabisa: kwa shangazi aliye Butembo, au katika ofisi ya parokia, ndani ya bahasha yenye jina la mtoto na mwaka. Karani wa parokia anapokea bahasha hizo siku za juma, asubuhi.